Koti la Baba Yake Bibi

Alhamisi, tarehe 13 Novemba. Asubuhi ilinyesha mvua nyembamba iliyochanganyika na theluji, kisha ikakoma na upepo ukabaki. Njia ya kutoka kituo cha basi iliteleza, nikatembea kwenye majani.

Naandika haya nikijua kwamba huenda sikuelewa kila kitu. Kiingereza changu ni cha kazini, shule niliishia la saba, na walipokuwa wakisema kwa haraka nilibaki nyuma. Maneno ninayoyaweka hapa ni kadiri nilivyoyasikia.

Bibi ninayemhudumia ni mjane wa Kiyahudi, anaishi kwenye ghorofa si mbali na mtaa wetu wa Downsview. Siku za mwanzo nilimweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake huitwa Bibi. Akasema wajukuu wake wako mbali, kwa hiyo mimi nimwite hivyo, jina lisikae bure. Miguu yake imechoka ila kichwa ni kizima, kizima kuliko changu.

Mwanawe ni mwalimu mstaafu. Kila Alhamisi huja kumsomea mama yake riwaya anayoiandika, na ameshakaa nayo miaka mingi. Inahusu ukoo wao. Wazazi wa Bibi walitoka Poland na cherehani moja iliyofungwa ndani ya mfarishi. Baba akafungua karakana ya makoti kwenye mtaa wa Spadina, yeye na mbia wake. Asubuhi moja ya baridi, Bibi akiwa bado mtoto mdogo, baba yake alikutwa amekufa kwenye sakafu ya karakana. Polisi walisema ni moyo. Nyumbani kwao walinong'ona mengine. Sasa mwana ameweka mpelelezi kwenye riwaya yake, na huyo mpelelezi ndiye anayekwenda kumpata muuaji.

Leo nilikuwa napiga pasi pale sebuleni alipofikia sura ya mauaji. Muuaji alikuwa mbia. Aliingia karakana kabla ya mafundi, wakagombana, akamchoma baba yake Bibi kwa mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Niseme ukweli, ilisomwa vizuri sana. Nilisahau shughuli yangu.

"Mama, unaona?" mwana akasema. "Pasi imesimama."

"Imesimama kwa sababu huyu ana adabu," Bibi akajibu. "Damu ilitoka?"

"Mama, ni mkasi."

"Nimekuuliza, ilitoka?"

Akarudi nyuma kwenye karatasi zake akasoma tena. Damu ilikuwa kwenye shati, kwenye fulana, na kwenye koti la kahawia lenye kola ya manyoya.

"Hilo koti umelipata wapi?"

"Kwako! Wewe ndiye uliyeniambia habari zake."

"Nilikuambia kwa sababu nililivaa mimi."

Basi akaeleza, na hapa alisema polepole, nadhani kwa ajili yangu. Kwa desturi yao, mtu aliyekufa kwa jeraha na nguo zake zikalowa damu haoshwi, wala havuliwi. Huzikwa na nguo zilezile, kwa kuwa damu ile ni sehemu ya mwili wake na haiachwi juu ya ardhi. Lakini baba yake alioshwa. Wanaume wa mazishi walimvika kitani nyeupe, na nguo zake wakazileta nyumbani zikiwa zimekunjwa. Mama yake akalifumua lile koti, akamkatia binti yake koti la shule. Bibi alilivaa mpaka mikono ikamfikia kwenye viwiko.

Kwetu Waislamu shahidi wa vitani naye haoshwi, huzikwa na nguo zake. Kwa hiyo nililielewa jambo lenyewe, au nilidhani hivyo. Sina hakika kama ni jambo moja.

"Koti la shule nimeliandika," mwana akasema, sauti imepungua. "Ndiyo sura nzuri kuliko zote."

"Najua. Nililia. Sasa chagua, ama nilivaa koti ama baba alichomwa mkasi."

Mwana hakukuzwa sana katika dini, hilo amewahi kuniambia mwenyewe. Sidhani alikuwa akidanganya. Alichukua koti mahali pamoja na damu mahali pengine, na hakujua kwamba kwao vitu hivyo viwili havikai pamoja. Akasema, "Sawa, damu haikutoka. Alimsukuma. Au alimnyonga."

"Sasa unamtafutia silaha kama mtu anayejaribu viatu dukani!"

Hapo mwana akanigeukia mimi. "Wewe umesikia yote. Hebu sema, hilo koti linathibitisha nini?"

Sikupenda kuulizwa. Nilisema koti linaonyesha kwamba damu haikutoka. Halionyeshi kwamba hakusukumwa.

"Wewe umekuja kumsaidia nani hapa?" Bibi akaniuliza.

"Wewe, Bibi."

"Haya basi!"

Nikaongeza kwamba, kwa upande mwingine, anayesema mtu alisukumwa naye atuambie nani aliona. Mwana akasema hakuna aliyeona, ila bibi yake mzaa mama hakumsalimia yule mbia mpaka anaingia kaburini. Bibi hakukataa.

"Ndiyo, mama alimchukia. Hata muuza maziwa alimchukia."

Nilicheka, wakacheka wote wawili, nikadhani yamekwisha. Lakini Bibi alikuwa na neno moja tu tangu mwanzo, na sasa akalitoa. Binti wa yule mbia yuko hai. Anaishi jengo hilihili, ghorofa ya tatu, na kila Jumatano hupanda kucheza karata na Bibi. Mimi ndiye huwatilia chai.

"Atakisoma," Bibi akasema. "Yule husoma kila kitu, mpaka karatasi za dawa. Atapanda na kitabu mkononi, na mimi nitamfungulia mlango. Nimwambie nini?"

"Majina nimebadilisha. Mwambie ni riwaya."

"Mwambie wewe. Yuko chini sasa hivi, hana pa kwenda na upepo huu. Nenda kamwambie baba yake ni muuaji ila ni riwaya tu."

Mwana akasimama, akakusanya zile karatasi, akatoka. Tulisikia lifti. Bibi hakutaka chai, hakutaka redio. Mara mbili aliniuliza kama nimesikia mlango, na haukuwa umelia.

Aliporudi alikuwa ameshika kipande cha keki kwenye karatasi ya jikoni.

"Umemwambia?"

"Sikuweza." Akaketi. "Nilimuuliza habari za baba yake tu. Anasema baba yake ndiye aliyemkuta babu pale sakafuni. Anasema baada ya hapo hakurudi tena kwenye ile karakana, akaenda kufanya kazi kwa dobi."

"Sikulijua hilo," Bibi akasema.

Nami nikawaza, na sijui kama ni haki kuwaza hivyo, kwamba hata mtu mwenye hatia angeweza kuikimbia ile karakana. Safari hii sikusema.

Mwana akaitoa ile sura ya mauaji katikati ya zile nyingine, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani. Bibi akamuuliza kama ameifuta. Akajibu ameitenga, mpelelezi wake itabidi arudi mikono mitupu. Bibi akasema polisi wengi hurudi hivyo na mshahara wanapokea. Mwana hakucheka. Alipoondoka Bibi aliniambia kutenga na kufuta ni vitu viwili. Ni kweli. Ila nilimwona mwana alivyosimama pale mlangoni, mtu aliyebeba kazi ya miaka iliyotolewa kiini chake, nikaona naye ana lake.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Binti yetu alikuwa akisikiliza, akauliza kwa Kiingereza chake, sasa aliyeua ni nani? Nikamwambia labda hakuna. Akasema hicho kitabu hakuna atakayekinunua. Mume wangu akasema yeye angekinunua, halafu akakiri kwamba tangu tuhamie huku hajanunua kitabu hata kimoja.

Tulikula ugali, spinachi ya kuunga kwa tui la kopo, na dagaa waliobaki juzi. Binti alikula mkate na mayai.