Majina Matatu Niliyompa Kocha

Mpaka leo nikikumbuka Jumamosi ile naona haya, na mimi nikiona haya huwa nakasirika, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa nyota wa timu. Sioni sababu ya kuzungushazungusha maneno. Timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu ilikuwa ya kampuni moja kule Viwandani, na utaratibu wake ulijulikana na wote: ukisajiliwa kucheza, unapewa kazi, ukitemwa, kazi nayo inakuaga. Mimi nilikuwa mapokezi, napokea simu na kutabasamu. Dada yangu mkubwa, ambaye pia alichezea timu hiyo, alikuwa stoo, akigawa ovaroli na glavu.

Uwanjani kazi ya dada ilikuwa kuziba. Yaani alisimama wima mbele ya yule aliyenikaba, akagongwa yeye, mimi nikapita na kufunga. Watu walishangilia jina langu. Yeye aliokota miwani yake, akairudishia kamba, akarudi kukaba. Karatasi ya matokeo haina mahali pa kuandika mambo kama hayo.

Tuliposhindwa fainali kwa pointi mbili, kocha aliniita pembeni, karibu na lango la uwanja. Akaniambia timu ya ubingwa haijengwi kwa huruma. Unachukua nyota mmoja, unamuuliza anataka kuzungukwa na nani, na wengine wote wanapisha. Kampuni ilikuwa tayari kusajili wachezaji wapya.

"Sasa nitajie wale huwezi kucheza bila wao," akasema. "Wengine niachie mimi."

Nikataja watatu: wawili wanaotupa kutoka mbali bila kukosa, na mmoja mrefu wa kunyakua mipira inayorudi. Dada sikumtaja.

Hapa ndipo watu huniuliza kama nilikuwa na akili timamu. Nilikuwa nayo, tena nyingi kupita kiasi. Baba yetu alikuwa karani wa reli, na maisha yake yote aliwaona watu wakipandishwa vyeo kwa sababu ya wajomba zao. Alitukanya kwa ukali: ukimkuta ndugu yako kwenye foleni, jifanye humjui. Mtu mwenye adabu hampigii debe wa kwake. Kwa hiyo nilitaja watatu nikanyamaza makusudi, nikamwachia kocha nafasi amweke dada mwenyewe. Nani asingejua kwamba sichezi bila dada? Niliondoka pale nikijisifu moyoni kwa uungwana wangu. Mjinga mkubwa!

Jumamosi iliyofuata tulikuwa nyumbani, mtaa wa Lucky Summer. Nimekaa sakafuni, dada yuko nyuma yangu kwenye kochi ananisuka. Simu zote mbili zikalia pamoja. Ilikuwa orodha mpya, kocha ameituma kwenye grupu ya timu. Dada aliisoma kwanza. Nilihisi mikono yake ikisimama kichwani mwangu.

"Siko," akasema.

"Soma vizuri. Huna miwani."

Nikasoma mimi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikianzia chini kwenda juu kana kwamba jina limejificha. Hakuwepo. Chini ya orodha iliandikwa kwamba ambao hawamo warudishe jezi na wafike ofisi ya wafanyakazi Jumatatu asubuhi.

Niliinuka na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, nikafunga leso, nikaenda Viwandani. Kocha alikuwa uwanjani anapanga koni za mazoezi.

"Kocha, umemwacha dada yangu!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Si ni wewe umemwacha?"

"Nilidhani utamweka tu. Singeweza kumtaja, ni dada yangu. Watu wangesema nini?"

"Wee! Mimi nilikungoja umtaje," akasema. "Najua magoti yake yamechoka, lakini ningembeba kwa sababu yako. Ukataja watatu, ukanyamaza. Nikasema, kama hata sistako humtaki, basi kuna kitu unajua. Mimi ni nani nibishane na damu?"

Nikamwomba abadilishe. Akasema nafasi ile imeshachukuliwa na msichana kutoka timu nyingine, ameshasaini, na barua ya dada imeshapelekwa ofisini. Akaniwekea mkono begani. Niliutoa. Sijawahi kumkosea mtu mzima adabu hivyo, na sikujali.

Nisidanganye: yule msichana mpya alikuwa mzuri. Alijua kuziba, alikuwa na magoti ya miaka ishirini, na ubingwa tuliuchukua msimu ule. Kocha alikuwa sahihi kuhusu mchezo. Hilo nalo linaniuma.

Lakini siku ile nilirudi nyumbani bila kitu. Nilimkuta dada bafuni, ameinama kwenye beseni, anafua jezi yake ili airudishe safi. Ningeweza kunyamaza. Nilishindwa.

"Aliniuliza," nikasema. "Kocha. Aliniuliza nataka nani."

Hakugeuka. "Ukamwambia nani?"

Nikamtajia wale watatu.

"Na mimi?"

"Niliogopa wataniita mtu wa undugu. Nilijua atakuweka. Haki ya Mungu, dada, nilijua atakuweka."

Akakamua jezi taratibu, akaikung'uta, akaitundika juu ya mlango. Nilitaka anitukane. Ningelipa chochote anitukane.

"Hata mimi aliniuliza," akasema. "Ule mwaka ulikuwa umekaa tu nyumbani. Alisema wanatafuta mfungaji, kama kuna mtu namjua. Nikasema mdogo wangu."

Miaka yote hiyo niliamini kwamba kocha aliniona mahali nikicheza, akanipenda mwenyewe.

"Walinicheka stoo nzima," akaendelea. "Eti naleta ukoo mzima kazini. Nikawaambia ndiyo, ni ukoo, mjaribuni kwanza ndipo mcheke."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

Akanigeukia, mikono bado ina povu, uso wake hauna hasira hata kidogo. Alionekana kutoelewa swali lenyewe.

"Nikuambie nini? Nilidhani ni kitu mtu yeyote angemfanyia ndugu yake."