Ng'ombe wa Shemeji, Ndama Niliyemlea Mimi

Jina langu lifiche, maana mtaani watanijua. Ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Mkolani, nina watoto watatu. Mume wangu alipopunguzwa kiwandani, kaka yake wa kijijini alituletea ng'ombe mmoja wa kienyeji tumtunze. Sisi Wasukuma mnatujua: unakunywa maziwa, unatumia samadi, lakini ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Nililijua hilo, sikatai.

Kiherehere ndicho kilichoniponza. Ng'ombe yule maziwa yake hayakutosha hata chai. Bwana mifugo akaniambia akipandishwa kwa mbegu ya kisasa nitapata ndama wa maana. Nikauza vitenge vyangu, nikamwita, wala shemeji sikumuuliza. Akazaliwa Madoa. Nimemkatia majani mpaka viganja vimeota sugu, na tangu dawa ya kupe ya bure ya serikali ilipokoma namnunulia mwenyewe. Sasa Madoa naye kazaa, maziwa nayauza Igogo. Ndiyo unga, ndiyo ada, ndiyo hata sigara za mume wangu.

Juzi shemeji kaja. Nikampa shikamoo, nikampa maziwa mgando, akanywa na kusifu. Kisha akasema mwanawe anaoa, na wazazi wa binti wamesikia habari za Madoa, wanamtaka yeye kwenye mahari. Nikamwambia ng'ombe wake amchukue hata sasa hivi, lakini Madoa aniachie, mbegu niliigharamia mimi.

Akanijibu taratibu, hata hasira hana: "Shemeji, wewe tulikuoa kwa ng'ombe wangu. Hawa watoto uliozaa ni wa nani?"

Nikamtazama mume wangu. Anakuna goti tu. Akasema, "Kaka kasema kweli."

Jamani, niliumia. Nimewaza kumtorosha Madoa nimpeleke kwetu, lakini baba hatakubali. Ng'ombe wa mahari yangu kaka yangu alishaolea, hakuna cha kurudisha. Na nikiondoka mwenyewe, watoto wanabaki ukoo wa mume.

Jumamosi wanakuja kumchukua. Tena shemeji katuma ujumbe: kwa kuwa Madoa hakubali kukamuliwa na mwingine, nimsindikize mimi, nikae kwa hao wakwe wapya mpaka awazoee. Mume wangu ameshaitikia bila kuniuliza.

Nyie mnaosoma, hasa kina mama mlioolewa kwa ng'ombe kama mimi, niambieni kabla ya Jumamosi: kamba ya Madoa niishike niende naye, au niiachie?