Mahindi ya Mirihi

Juzi binti yangu kaniletea hadithi aliyoitunga: watu wamehamia Mirihi, ile sayari nyekundu, wamepuliza hewa, wameyeyusha barafu, na kabla mhusika hajaota mvi, mashamba yamejaa tele. "Mama, yawezekana?" Nasomesha fizikia hapa Kilifi, jibu ninalo: sayari ile ni ndogo, mvuto wake haba, hewa ukiijaza yatoroka angani polepole, na hiyo ya kuijaza yenyewe haitoshi. Lakini nilimwambia angoje kwanza. Maana hadithi hiyo hiyo niliitunga mimi, ndugu yangu, na ikanitia aibu isiyonitoka hadi leo.

Nilikuwa darasa la saba, nalelewa na nyanya kule Marafa, kwenye udongo mwekundu ambako soksi nyeupe ni ndoto. Mwalimu wa sayansi aliisoma insha yangu mbele ya wenzangu, akauliza, "Hewa hiyo nani ataishika isitoroke?" Walicheka hadi wa dawati la mwisho. Nikaapa, watanitambua!

Nyanya aliweka mahindi ya mbegu darini juu ya meko, yapigwe moshi ili wadudu fukusi wasiyaguse. Nikayateremsha yote, yote kabisa, maana sayari nzima haipandwi kwa konzi moja. Nikayapukuchua, nikayapanda korongoni, nikayatilia maji, nikayafunika kwa nailoni na kukandamiza kingo kwa mawe. Hewa itatorokea wapi sasa? Kumbe jua la kwetu liliipika bustani yangu. Nilipofunua, joto lilinipiga usoni, na punje zimevunda, zanuka uji uliochacha.

Mvua ilipoanguka, nyanya alipanda darini, akashuka mikono mitupu. Aliyezoea kuingia jikoni mwetu kila asubuhi ni jirani mmoja, mama mjane, akija kuchukua kaa la moto. Nyanya akakata shauri kuwa mwizi ni yeye. Wanawake waliolimiana kwa zamu na kusukana nywele wakaacha hata kuamkiana. Nami nipo, nala, naosha vyombo, nimenyamaza. Nyanya akafa na kinyongo hicho.

Basi Jumamosi hii, hadithi ya binti yangu ikinichoma, nikaenda Marafa. Jikoni zimebaki nguzo mbili. Siku hizi mbegu hutoka dukani kwa pakiti, na hakuna mtoto aendaye shule akinukia moshi wa kwao. Jirani yu hai, ila macho yamefifia. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikamweleza yote huku nalia kama mtoto.

Akanipapasa kichwa. "Mjukuu wangu, nilikuona ukishuka korongoni na kapu. Ningesema, nyanyako angekutoa shule ukachunge mbuzi. Nikaona afadhali niitwe mwizi mimi."

Niliona haya. Miaka yote ile alitupita njiani akiinamisha uso, nami nikidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa na siri.

Kisha akaniuliza, taratibu, kwa hamu ya kweli, "Basi, ulisoma ukamaliza?"