Mama Aliyeipa Mashine Mgongo

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, chama cha ushirika kiliacha kununua alizeti na wenye malori wakaanza kujipangia bei. Kikundi kimoja cha Iguguno kikaamua kukamua mafuta chenyewe. Kikapata mashine ya mkono, nami nikatumwa kufundisha namna ya kuitumia.

Nilikwenda na mwongozo ulioandikwa na mtu ambaye, naapa, hakuwahi kushika punje ya alizeti. Ulitaka mwalimu aeleze, achore ubaoni, kisha aulize maswali. Nilifanya yote hayo, wakanitazama kimya kwa heshima zote. Kesho yake nikauacha ubao, nikawatoa nje kwenye mashine. Huko ndiko nilikoanza kuwajua. Dada mmoja hakusogea mpaka aambiwe kwa nini mbegu zianikwe kwanza. Mwanaume mmoja aliyefiwa na mkewe hakusikiliza maelezo hata kidogo. Alishika mpini, akasukuma, na mikono yake ikaelewa kabla sijamaliza kusema.

Mama mmoja mtu mzima alikaa pembeni, ameipa mashine mgongo. Nina hasira za karibu. Nilivumilia kidogo, kisha nikamuuliza kama alikuja kujifunza au kupunga upepo. Wote wakainamisha vichwa. Mwenyekiti wa kikundi akanivuta kando, akanieleza kwamba yule mfiwa ni mkwe wa mama huyu, na kwa mila zao hawatazamani usoni. Watoto walioachwa na marehemu wanalelewa na mama huyu, bibi yao, naye na mkwe wake, kila mmoja kwa upande wake, wanaitafuta kazi ya mashine kwa ajili ya watoto hao. Mimi nimekulia Manyoni, karibu na reli, ambako watu wamechanganyikana na mambo haya yamelegea.

Nikamwomba mama radhi, nikaanza kumfundisha kwa masikio. Kila wenzake walipofanya jambo kwenye mashine, nililitaja kwa sauti. Nikamsikilizisha mbegu zilizokauka zinavyopasuka zikibanwa, na mpini unavyoguna skrubu ikikazwa mno. Wenzake walipokwenda kula, alibaki nami, akashika mpini mwenyewe. Haukupita muda mrefu akawa anasema, bila kugeuka, "Legezeni kidogo," na kweli palihitaji kulegezwa.

Siku ya majaribio tuliiingiza mashine darasani, akaja mkaguzi kutoka ofisini kwetu. Alitangaza kwamba kila mmoja atakamua mbele ya wenzake wote, na atakayeshindwa au kutoka hatapewa zamu ya mashine. Nilimweleza habari ya mama na mkwe wake, nikamsihi awapime mmojammoja. Alisema mafunzo hayana mama mkwe. Nilitamani kumrushia ndoo ya mashudu.

Jina la mama lilipoitwa, alisimama, akabaki pale pale, uso umeelekea ukutani. Mkaguzi akaita tena. Hapo mkwe akainuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kumwangalia mtu. Zamu yake ya kupimwa ilikuwa bado. Mama akangoja mpaka hatua zikapotea, akageuka, akaenda kwenye mashine. Alikamua ameinamisha kichwa, akisikiliza, akilegeza na kukaza, mpaka mafuta yakatiririka safi. Mkaguzi alimpitisha, na jina la mkwe akalikata.

Nilimfuata yule mwanaume nje, nikamwambia mama amefaulu. Alishukuru. Alisema yeye bado ana nguvu, atakwenda kuchimba dhahabu Sekenke, lakini mama kwa umri ule angekwenda wapi? Kisha akanituma.

"Mwambie mama asihuzunike. Mwambie hii mashine mimi sikuipenda tangu mwanzo."

Nilirudi ndani nikaufikisha ujumbe kama ulivyo. Mama alikuwa anajifuta mafuta mikononi kwa pembe ya kanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamtoka.

"Anadanganya, mwanangu," alisema. "Akiishika ile mashine alikuwa anaimba chinichini. Tangu binti yangu afariki sijawahi kumsikia akiimba."