Macho ya Mama Kwenye Bango

Picha niliipiga mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana mdogo wangu, yule mwimbaji, akihojiwa husema ilipigwa na "timu yangu", na mimi sijawahi kuwa timu ya mtu. Mimi ni fundi cherehani wa Ibadakuli, Shinyanga, karibu na uzio wa uwanja wa ndege. Magauni mawili ya kwanza aliyopandia jukwaani niliyashona mimi, kwa kitambaa cha mapazia. Siku hizi anavalishwa na watu wa nje. Sina kinyongo. Kidogo tu.

Mwaka ule mdogo wangu alikuwa hashikiki. Tuzo ya kwanza alichukua Dar es Salaam, ya pili Afrika Kusini, na katikati alijaza viwanja mpaka watu wakapanda juu ya miti ya nje kumwona. Ukipita sokoni, kila kibanda sauti ni yake. Na kila tuzo aliinua juu akasema, "Hii ni ya mama yangu." Mimi nilikuwa naiona kesho yake asubuhi kwenye simu, cherehani imesimama, nalia bila aibu mbele ya wateja.

Mama mwenyewe alikuwa kijijini, upande wa Nyarugusu kule Geita, kwenye mji aliouacha baba, yaani boma letu, na ng'ombe wachache. Zamani palikuwa mashamba ya pamba. Tulivyokua, ardhi yote ikatobolewa maduara, yale mashimo ya dhahabu ambayo wachimbaji hushuka kwa kamba. Mama hakuyajali. Alilima, akafuga, akazalisha wanawake wa kijiji, kwa sababu alikuwa mkunga wa jadi na nusu ya vijana wa pale waliingia duniani mikononi mwake. Na alipika. Miaka yote alipika kwenye jiko dogo lisilo na dirisha, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na mabua ya pamba, maana kuni ziliisha siku nyingi. Moshi ule uliyafanya macho yake yawe mekundu, asubuhi hadi jioni, mwaka mzima.

Mtu wa Dar akisikia hivyo atasema pole. Mtu wa kwetu atanyamaza kwanza. Kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu ana kesi ya uchawi ambayo bado hajasomewa. Nilipokuwa darasa la nne, mjane wa mji wa pili kutoka kwetu alikatwa mapanga mlangoni pake, kwa sababu ya macho kama yale na ng'ombe wa mtu waliokufa. Mama alikuwa mmoja wa waliomwosha. Tangu siku ile hajawahi kwenda mnadani bila kushusha khanga hadi kwenye nyusi, na husalimia watu akiwaangalia miguu. Anaijua miguu ya kijiji kizima. Sisi tulikua tukijua ndivyo mama anavyotembea. Mdogo wangu alilijua hilo sawasawa na mimi, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baada ya tuzo ya pili ukaja msimu wa kutoa. Alipeleka magodoro kwenye zahanati, akachimbisha kisima, akapigwa picha amebeba ndoo kichwani ambayo naapa haikuwa na maji. Nilimtania kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema anataka kuleta kambi ya macho kule kwetu: madaktari, matone, miwani ya bure, kila kitu. Mama atakuwa mgonjwa wa kwanza. Nilifurahi kiasi cha kujichoma kidole na sindano.

Siku chache baadaye akanipigia meneja wake, kijana mwenye adabu za haraka haraka. Alitaka picha ya mama. "Asipambwe, dada. Khanga isimfunike. Macho yaonekane, ndiyo stori yenyewe."

Nikasafiri hadi kijijini. Nilimkuta mama uani anapepeta mtama.

"Wangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Wangaluka, ng'wanone. Umekuja bila kusema, mwanangu, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kukupiga picha anayoitaka mwanao. Pandisha khanga kidogo, macho yaonekane."

Akaacha ungo. "Macho haya hayaonyeshwi watu. Wewe unajua."

"Mama, hayo yalikuwa ya zamani. Sasa hivi wewe ni mama wa staa. Nani atakugusa?"

Nilisema hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayemwelimisha mwenzake. Akaisukuma khanga nyuma kwa mkono wake mwenyewe na kuniangalia usoni, jambo ambalo hulifanya mara chache hata kwa sisi wanawe. Nilipiga picha tatu. Nikachagua ile ambayo jua lilimpata vizuri, kwa sababu ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kweli.

Haukupita muda mrefu bango likasimama kando ya barabara Bugarama, magari yote ya kwenda Geita yalione. Upande mmoja mdogo wangu na tuzo yake, meno yote nje. Upande wa pili mama, uso tu, kila jicho pana kama sinia la pilau. Juu yao maandishi: MACHO YALIYONILEA. Watu walishuka kwenye mabasi kupiga nalo picha. Kijijini wakaanza kumwita Mama Staa, na wiki mbili tatu za mwanzo alilichekea lile jina.

Kisha mvua zikaja. Duara moja karibu na kwa mama likatitia wachimbaji wakiwa chini. Miongoni mwao alikuwa kitinda mimba wa jirani yake, jirani ambaye waliombana moto na chumvi tangu wakiwa wake wachanga. Wiki ile ile mdogo wangu alichukua tuzo ya tatu.

Udongo ulikuwa umelowa na nguzo zilikuwa mbovu, kila mchimbaji aliliona hilo. Lakini kule kwenye mashine za kusagia mawe, mahali ambapo watu hukaa na simu zao wakisubiri zamu, mtu mmoja alianza kuoanisha. Tuzo ya kwanza, kamba ya fulani ilikatika. Tuzo ya pili, fulani alikosa hewa shimoni. Ya tatu, hawa. Kila anapopanda yule, wakasema, mtoto wa mtu anashuka asirudi. Na anayewapeleka tumeshamwona, yuko pale barabarani, amefumbua macho.

Nilijiambia kwamba kwenye machimbo watu hufa kila mara, ukitaka kuoanisha hata na mechi za mpira utaoanisha. Halafu nikakaa kwenye cherehani yangu nikaoanisha na mimi. Tarehe zililingana. Naona aibu kuliandika hili, lakini kwa muda wa kuvuta uzi sindanoni nilimwogopa mama yangu.

Nilikwenda mazikoni kwa yule jirani. Mama alijitwika ndoo ya unga kama ilivyo desturi ya wanawake kwetu: unakwenda msibani na unga, kuni au maji, na unga wote unamiminwa kwenye gunia moja ili waombolezaji wapikiwe. Wa wenzake ulimiminwa. Wa mama uliwekwa kando ya ukuta na kifuniko chake. Tulikaa pale toka asubuhi hadi watu walipokula, na hakuna aliyeigusa ile ndoo. Tulipoaga, mwanamke mmoja akatufuata nayo, akaitua njiani mbele yetu, akarudi zake. Mama akainama akaibeba. "Asanteni," akasema.

Tulipofika mbali kidogo nikamwambia labda unga ulitosha.

"Kwenye msiba unga hautoshi," akanijibu. "Wameukataa."

Nilimpigia mdogo wangu pale pale njiani. Nikamwambia amchukue mama leo, siyo kesho.

"Dada, kambi ni wiki mbili zijazo. Mama asipokuwepo, kambi ya nini? Acha nije mwenyewe. Wakiniona na yeye watanyamaza."

Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika, mama akiwa anasikia. Naye mama, nilipomwomba tuondoke wote kwenda kwangu, akagoma. Alisema akikimbia watasema amekubali. Aliwazalisha watu wale, akasema, lazima wamkumbuke.

Mdogo wangu akaja. Ndege yake ilitua Ibadakuli, mtaa mzima ukakimbilia kwenye uzio, wateja wangu pia. Mchana aliimba uwanjani Shinyanga, kesho yake msafara ukaenda kijijini na magari yenye vioo vyeusi. Sitamsema vibaya kwa siku ile. Alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, mbele ya maelfu, akasema, "Shikamoo, mama," kwa sauti ile ile ya utotoni, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Vijana wa machimboni waliotoka mikoa mingine wakapiga kelele za kumshangilia. Wanawake wa kijiji chetu walisimama mbele kabisa, mikono kifuani. Hakuna aliyepiga kofi.

Daktari akamkalisha mama kwenye kiti, akammulika kila jicho kwa muda mrefu. Meneja alikuwa amemvalisha daktari kipaza sauti ili kamera ipate maneno, kwa hiyo uwanja mzima ulimsikia. "Mama hana mtoto wa jicho wala vikope. Hii ni kazi ya moshi wa miaka mingi. Tutampa matone yapunguze kuwasha, lakini wekundu huu hautaondoka."

Alisema moshi. Nililisikia mimi, na nina hakika alilitamka vizuri. Lakini pale mbele lilifika lile la mwisho tu. Niliwaona wanawake wakitazamana, mmoja akamkamata mwenzake mkono, wakaanza kurudi nyuma polepole. Meneja akaashiria muziki uwekwe.

Kabla jua halijazama mdogo wangu alishaondoka, kulikuwa na onesho Nairobi. Alimwachia mama miwani myeusi ya bei mbaya. "Nikirudi safari hii nakuja kumchukua, dada, haki ya Mungu." Watu wengi walitibiwa siku ile, lazima niseme hilo pia. Wapo wanaosoma Biblia leo kwa miwani ya mdogo wangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumchukua mama kwa nguvu, atake asitake. Bugarama nikapanda bodaboda, na tulipolifikia bango nikamwambia dereva asimame. Macho ya mama hayakuwepo. Yalikuwa yamekatwa, maduara mawili safi, na kwenye matobo yale niliona mihogo ya watu iliyoko nyuma. Aliyekata alileta ngazi na hakuwa na haraka. Upande wa mdogo wangu haukuwa na hata mkwaruzo.

"Upepo huo, mama," dereva akasema.

Nikamuuliza ni upepo gani unaopanda ngazi. Akawasha pikipiki, akaondoa kwa kasi.

Nilimkuta mama ameketi juu ya furushi lake, mlangoni, khanga imeshushwa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye njia nzima, na sasa sikuwa na wa kugombana naye.

"Ulisema hukimbii," nikamwambia.

"Asubuhi amekuja mtu. Nilikuwa nafagia ndani, mlango nimeurudishia. Ameusukuma kwa bega, kidogo tu, kama anaupima. Halafu akaondoka."

"Nani?"

"Uso sikuuangalia. Nimechungulia chini ya mlango, nikaona miguu." Akafunga upya fundo la furushi ambalo lilikuwa limeshafungwa. "Ni miguu niliyoipokea mimi ikizaliwa."

Hajanitajia mpaka leo ni ya nani. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa hasira. Husema ukimtaja mtu umemmaliza, na yeye hajataka kummaliza mtoto wake.

Sasa anaishi kwangu. Amekaa chumba cha ndani, nyuma ya duka langu la kushonea, anachambua maharage, ananishonea vifungo kwa kupapasa. Akisikia hodi anavaa ile miwani. Miezi ya kwanza nilipumua. Hapa ni mjini, nikasema, kuna umeme, kuna watu wamesoma. Kisha mteja wangu wa siku nyingi, mwanakwaya, alikuja kupimwa, mama akatokea na maji ya kunywa amesahau miwani. Yule mteja alimwamkia vizuri sana. Kesho yake akarudi kuchukua kitambaa chake, ameahirisha kushona. Wiki ile wakaahirisha wengine wawili.

Ndipo ikaja tuzo kubwa kuliko zote, ile ambayo hata redio za Ulaya ziliitangaza. Niliiangalia dukani kwenye simu, mchana, mashine ikiwa kimya. Mdogo wangu amevaa dhahabu toka shingoni hadi miguuni. Akasema yote haya ni ya mama yake, na nyuma yake ukutani ikafunguka picha, kubwa kuliko ya bango, imeng'arishwa. Ile ile yangu, yenye jua. Ukumbi mzima ukasimama.

Mama akaniita kutoka ndani. "Hayo ni makofi?"

"Ni makofi, mama. Ameshinda."

"Mungu amsaidie mwanangu." Nikasikia ameacha kuchambua maharage. "Na picha, wameionyesha?"

Ningeweza kumdanganya. "Wameionyesha."

Nikasikia vioo vya miwani vikigonga meza akiitafuta, kisha kimya akiivaa.

"Funga mlango," akasema.

Ilikuwa saa sita mchana. Watoto walikuwa wanatoka shule, na ng'ambo ya barabara mteja alikuwa anavuka kuja kwangu, kitambaa kwapani na simu mkononi, anaiangalia huku anatembea. Nikafunga.