Tangi la Marehemu

Nilitoka Kitale kwa basi, kisha garimoshi, nikapanga chumba Likoni kwa Bi Zuhura, mjane. Aliposafiri harusini Lamu aliniachia tangi la kioo la marehemu mumewe: samaki wadogo, na majani aliyoyapanda marehemu kwa mkono wake. Mfereji ukakauka, maji ya tangi yakapungua. Mimi, mtu wa bara, nikaona samaki wa pwani watafurahia maji ya bahari. Nikayateka ufuoni, nikajaza tangi, nikajiona bingwa.

Bi Zuhura alirudi akakuta majani yamelegea, samaki wanahema. Akachovya kidole, akaonja.

“Ala! Mwanangu, umewapikia mchuzi?”

Alicheka, kisha akalia. Tukabadilisha maji, kikapona kitawi kimoja tu cha yale majani.

Siku niliyohama kabisa kurudi Kitale, alinikatia kipande cha kitawi kile.

“Marehemu alitamani sana kuona bara. Mpeleke wewe.”