Vidonge vyangu vimemnenepesha wifi yangu

Admin, nifichie jina. Mume wangu huusoma ukurasa huu akiwa machimboni.

Nina miaka ishirini na tatu, nilimaliza kidato cha nne Issenye, nimeolewa Nyarero mwaka huu. Jamani, nilipendwa. Mume wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, alinikuta na ugonjwa wangu na akanioa nao. Kinga ya mwili wangu huishambulia ngozi yangu mwenyewe, natoka malengelenge mpaka mdomoni. Daktari wa ngozi kule Mwanza alinipunguzia dawa kidogo kidogo hadi akapata kiasi kinachonituliza, ingawa kilinijaza mashavu. Akaniambia, "Hii ni dozi yako wewe. Usimpe mtu, usiache ghafla."

Kila asubuhi mume wangu aliniletea uji kitandani na kuniwekea vidonge kinywani kwa mkono wake. Mawifi walicheka, "Kaka yetu karogwa." Mimi nilijiona malkia.

Sasa malengelenge yamerudi, hata ugali haupiti. Juzi nikamkuta wifi yangu mdogo jikoni, mashavu yamemjaa, anameza vidonge vyangu. Hakushtuka.

"Kaka ananipa. Kwani wifi, hayo mashavu uliyokuja nayo ulidhani hatuyaoni?"

Kumbe vile alivyokuwa akiniwekea mimi kinywani vilikuwa vitamini za dukani.

Nilipomuuliza mume wangu hakukana. "Mama, wewe umeshaolewa na ngozi ilishatulia. Huyu wazee wanakuja kumposa Jumamosi. Msichana mkavu asiye na mwili, nani atamtolea ng'ombe wengi? Na ng'ombe wake ndio nitakaomalizia mahari kwa baba yako. Nilifanya kwa ajili yetu."

Kwa mkono uleule aliokuwa ananilishia.

Nimempigia daktari. Amesema nirudie dozi yangu leo na niende haraka, na wifi naye asiache ghafla, apelekwe hospitali, maana dawa hizi humdhuru asiye mgonjwa. Vidonge vilivyobaki havitutoshi wawili. Mume wangu ananisihi ninyamaze mpaka wageni waondoke. Nikimwambia mama mkwe, posa itavunjika na nitaitwa mchawi wa boma. Nikinyamaza, mtoto wa watu anaozwa akiwa anaumia, nami nachubuka.

Bado nampenda, ndiyo aibu yangu. Wenzangu mlio kwenye ndoa, nimwambie mama mkwe kabla ya Jumamosi, au nipande gari la Mwanza peke yangu? Mngekuwa mimi mngefanyaje?